Aliyeumia Apumzike

Somo kwa wamama wanaofika kliniki



Somo la leo si la uji wala la chandarua. Ni juu ya mieleka, ule mchezo ambao vijana wetu wa Bunia wanauita «catch». Labda utajiuliza: jambo hilo lina kazi gani katika siku ya kupima watoto? Ngojea kidogo. Utaona kwamba linaingia mpaka ndani ya nyumba yako.

SWALI LA MAMA MMOJA

Siku moja mama mmoja alileta mtoto wake mchanga kupimwa uzito. Kipimo kilikuwa kizuri. Wenzake walipotoka, yeye alibaki kwenye benchi, akawa anafunga na kufungua kitenge chake. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo:

«Munganga, unisaidie dawa ya nguvu. Iko mutoto wangu mukubwa, eko na miaka kumi na tisa, anapigana catch. Siku ya Mungu yenye ilipita walimuinua juu, akaanguka na kichwa. Tangu ile siku kichwa inamuuma, na leo asubuhi alitapika. Lakini afishi zimekwisha kubandikwa, jina yake iko. Anapashwa kupigana siku ya Mungu hii. Unipatie kitu ya kuzimisha maumivu, ile siku moja tu.»

Nikamwuliza: «Na yeye mwenyewe anasema nini?»

«Anasema eko muzima. Anasema akikosa kupanda, watatia mungine pa nafasi yake.»

Mama huyu hakuwa mjinga, wala hakuwa mama mbaya. Alikuwa na kodi ya nyumba na minervali ya watoto watatu, na kijana yule ndiye aliyekuwa akimsaidia. Lakini swali lake ni kubwa kuliko vidonge. Je, ni haki mtu aliyeumia apande kucheza mbele ya watu? Na sisi tunaomzunguka, je, ni haki tumsaidie kupanda?

MAUMIVU YA MCHEZO NA MAUMIVU YA KWELI

Kwanza tuelewe mchezo wenyewe. Katika ndondi kila mmoja anatafuta kumwangusha mwenzake kweli kweli. Mieleka ya kulipwa ni tofauti. Mara nyingi wapiganaji wanapatana mbele jinsi watakavyoinuana, jinsi watakavyoanguka, na hata nani atashinda. Ni mchezo wa kuigiza pamoja na nguvu. Katika inchi yetu watu wanaupenda sana. Huko Kinshasa wapiganaji wanapita barabarani na fanfari, wengine wamefunika uso, wengine wanabeba sanduku la maiti, na watoto wanawafuata mbio. Jina la Edingwe linajulikana hata kwa watu ambao hawajafika Kinshasa. Wengine wanajisifu kwamba wana dawa za mababu za kumwangusha adui bila kumgusa.

Lakini kumbuka hili: sakafu haijui mchezo. Mtu akianguka juu ya mbao, ameanguka kweli. Mifupa yake haijui kwamba walipatana.

Kwa hiyo mpiganaji wa mieleka aliyeumia ana shida tatu ambazo mgonjwa mwingine hana.

Ya kwanza: kulia kwa maumivu ni sehemu ya mchezo. Kila siku anajigaragaza na kushika shingo, na watu wanacheka. Siku atakapoumia kweli, nani atamsadiki?

Ya pili: amejisifu. Kama alisema mwili wake umefungwa na dawa, chuma hakiingii, atawezaje kuja kliniki mchana na mkono umevimba? Anakuja usiku, au haji kabisa.

Ya tatu: asipopanda, halipwi. Mwalimu akiugua siku mbili, kazi yake inamngojea. Mpiganaji akikaa siku mbili, mwingine amekwisha kuvaa nguo yake.

Haya matatu, yaani kutosadikiwa, haya na njaa, ndiyo yanayosema «niko muzima» kwa kinywa chake. Si mwili wake unaosema.

MWAKA 1974 DUNIA ILINGOJA JICHO MOJA

Nataka kuwakumbusha jambo lililotokea katika inchi yetu hii, wakati ilipoitwa Zaire. Wazee wanalikumbuka. Mwaka 1974 mabondia wawili wa Marekani, George Foreman na Muhammad Ali, walikuja Kinshasa kupigania ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5. Waandishi wa magazeti walitoka pande zote. Pambano liliwekwa tarehe 25 Septemba.

Siku chache kabla ya tarehe hiyo, Foreman alikuwa akifanya mazoezi kule N'Sele. Kiwiko cha mwenzake wa mazoezi kikampasua juu ya jicho la kulia. Si mfupa, si kichwa. Ngozi tu.

Walifanya nini? Waliahirisha pambano lote. Wageni walikuwa wamekwisha kufika, na tamasha kubwa la muziki lililotayarishwa pamoja nalo lilifanyika bila ndondi. Uwanja, serikali, televisheni za dunia, wote walingoja ngozi ya mtu mmoja ishikamane. Walingoja zaidi ya majuma matano. Pambano likafanyika usiku wa tarehe 30 Oktoba, karibu saa kumi za alfajiri, katika uwanja ambao leo unaitwa Tata Raphaël.

Tuseme ukweli: hawakungoja kwa sababu ya upendo tu. Jeraha lile lingefunguka kwa ngumi ya kwanza, na pambano lingeharibika. Lakini walingoja. Na Foreman, ingawa alishindwa na Ali usiku ule katika mzunguko wa 8, hakupoteza jicho lake. Miaka 20 baadaye, mwaka 1994, akiwa na miaka 45, alipata tena ubingwa wa dunia.

Basi, mtu akikuambia kwamba onyesho la kartie haliwezi kungoja, kwa sababu afishi zimekwisha kubandikwa, umwulize: afishi za hapa ni nyingi kuliko zile za Kinshasa?

NANI ASEME «BASI»?

Aliyeumia mwenyewe ni wa mwisho kuona hatari yake. Tuchukue mifano miwili mingine ya mabondia, maana habari zao zinajulikana vizuri.

Tarehe 1 Oktoba 1975, huko Ufilipino, Ali alipigana na Joe Frazier. Ilipofika mwisho wa mzunguko wa 14, macho ya Frazier yalikuwa yamevimba, karibu haoni ngumi zinakotoka. Ulibaki mzunguko mmoja tu. Frazier alitaka kuendelea. Lakini mwalimu wake, Eddie Futch, alikataa, akasimamisha pambano. Frazier alikasirika, lakini alirudi nyumbani kwa watoto wake akiwa hai.

Mfano wa pili ni wa Ali mwenyewe. Daktari Ferdie Pacheco alikuwa pembeni yake kwa miaka mingi. Mwaka 1977, baada ya pambano gumu na Earnie Shavers, Pacheco alipata matokeo ya vipimo vilivyoonyesha kwamba figo za Ali zinaharibika. Alituma habari hiyo kwa Ali, kwa mke wake, na kwa wasimamizi wake. Hakujibiwa. Basi akaacha kazi ile. Ali aliendelea. Tarehe 2 Oktoba 1980 alipigwa vibaya na Larry Holmes mpaka watu wa pembe yake wakasimamisha baada ya mzunguko wa 10, na hata baada ya hapo alipanda tena, Desemba 1981. Mwaka 1984 madaktari walimwambia ana ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukaza viungo. Madaktari wengi wanasadiki kwamba mapigo mengi ya kichwa yalisaidia kuuleta. Yule aliyesema vizuri kuliko wote, sauti yake ilizidi kupotea, mpaka alipokufa mwaka 2016.

Tazama tofauti ya watu hawa wawili. Pacheco aliweza kusema na kuondoka tu. Futch aliweza kusimamisha. Mimi muuguzi niko kama Pacheco: naweza kukataa kutoa dawa, lakini sitakuwepo siku ya Mungu wakati kijana anapofunga viatu. Wewe mama, wewe bibi yake, wewe dada yake, mko karibu. Ninyi mko kama Futch.

Wengine watasema: «Mwili ni wake, amekwisha kukomaa, ajichagulie.» Neno hilo lina ukweli. Hatuwezi kumfunga mtu mzima kamba. Lakini kuchagua kunataka akili iliyotulia, na kichwa kilichopigwa ndicho kile kile kinachotakiwa kuchagua. Tena mwili wake si wake peke yake. Akilemaa, nani atamwosha? Ni wewe, mama. Basi una haki ya kusema.

MAISHA YA MWENZAKE YAKO MIKONONI MWAKE

Kuna jambo moja katika mieleka ambalo watazamaji wengi hawalijui. Mpiganaji anayemwinua mwenzake juu ndiye anayemlinda. Anamshika, anahesabu, anamteremsha kwa namna ya kutomvunja. Wawili hawa wanaonekana ni maadui, lakini kila mmoja amekabidhi shingo yake kwa mwingine.

Sasa fikiri: yule anayeinua ana bega lililotoka juma lililopita. Amemeza vidonge, hasikii kitu. Akiwa na mwenzake juu, bega linaachia. Nani ataanguka na kichwa? Si yeye. Ni mwenzake ambaye hakujua. Kwa hiyo mtu anayepanda na jeraha alilolificha hajidhuru mwenyewe tu. Amemdanganya ndugu aliyemwamini.

Hata wenye afya na ujuzi hukosea. Tarehe 3 Agosti 1997, huko Marekani, mpiganaji maarufu Steve Austin alikuwa anacheza na Owen Hart. Hart alimshika kichwa chini miguu juu, akashuka naye. Kichwa cha Austin kilikuwa kimetokeza chini, kikagonga sakafu. Kwa muda hakuweza kusogeza mikono wala miguu. Hart alipoona, alianza kuzunguka na kuwachokoza watazamaji ili kupoteza muda. Kisha Austin alijikokota, akamshika mwenzake vile vile walivyopatana, akatangazwa mshindi, halafu watu wakamsaidia kutoka. Wengi walifikiri ni mchezo. Shingo ile ilipasuliwa na madaktari mwaka 2000, na mwaka 2003 aliacha kazi ya kupigana.

Ona: mtu ambaye viungo vyake vilikuwa vimekufa ganzi alimaliza onyesho. Watu walimsifu kwa ushujaa. Mimi nikiwa muuguzi nasema: pale pale mchezo ulipashwa kwisha. Shingo iliyogongwa haisogezwi.

Siku hizi waamuzi wa mieleka ya Marekani wana alama: wanainua mikono yote miwili juu na kuipishanisha kama msalaba uliolala. Maana yake: huyu ameumia kweli, si mchezo, njooni. Vijana wetu wanaweza kupatana alama kama hiyo. Haigharimu hata franga moja. Hata watoto wanaocheza kwenye majani nyuma ya nyumba wawe na neno moja ambalo likisemwa, kila mtu anaachilia mara moja.

PIGO LA KICHWA: MAMBO YA KUJUA

Ubongo ni laini kama avoka iliyoiva, nao umekaa ndani ya mfupa mgumu. Kichwa kikigongwa au kikitikiswa kwa nguvu, ubongo unagonga ndani. Mfupa unaweza kuwa mzima, picha ya mifupa isionyeshe kitu, wala damu isitoke, lakini ubongo umeumia. Unataka siku za kutulia. Pigo la pili likija kabla haujapona, hata likiwa dogo, linaweza kuuvimbisha ubongo na kuua. Haitokei mara nyingi, lakini ikitokea, huwa ni kwa vijana na watoto zaidi.

Kuna na madhara yanayokuja polepole. Daktari mmoja Mwafrika, Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, mwaka 2002 alichunguza ubongo wa marehemu Mike Webster, mchezaji wa mpira ule wa Marekani ambao watu wanagongana vichwa. Aliona alama za mapigo mengi ya miaka mingi. Mtu huyo kabla ya kufa alikuwa amesahau mambo na kupoteza maisha yake ya kawaida. Mapigo madogo mengi yanajikusanya kama deni.

Dalili za ubongo ulioumia:
– kichwa kinauma, kizunguzungu;
– kichefuchefu au kutapika;
– anasahau, anauliza neno moja mara nyingi;
– mwanga na kelele vinamsumbua;
– anaona vitu viwili viwili;
– tabia inageuka: hasira, huzuni, au usingizi mwingi.

Mtu mwenye hata dalili moja asicheze siku ile, wala juma lile.

Mlete hospitali upesi, hata usiku, ukiona haya:
– anatapika tena na tena;
– maumivu ya kichwa yanazidi;
– alizimia, au anashikwa na degedege;
– anasinzia sana, ni vigumu kumwamsha;
– damu au maji meupe yanatoka sikioni au puani;
– mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ya pili;
– mkono au mguu umelegea au umekufa ganzi;
– shingo inauma;
– kwa mtoto mchanga: utosi umevimba, anakataa kunyonya, analia bila kunyamaza.

Namna ya kumchukua: kama shingo inauma au viungo vina ganzi, usimwinue akae, usivute kichwa chake, wala usimweke juu ya pikipiki katikati ya watu wawili kama tulivyozoea. Mlaze juu ya ubao, au mlango, au kipoyi. Mtu mmoja ashike kichwa kisigeuke. Watu wanne wanabeba polepole. Afadhali kuchelewa dakika ishirini kuliko kumleta mtu ambaye hatatembea tena.

Akirudi nyumbani: siku mbili za kwanza mtu akae naye. Anaweza kulala, lakini umwangalie usiku, uone kama anaamka vizuri. Asinywe pombe wala dawa za usingizi. Kwa maumivu, paracetamol inatosha. Asimeze aspirini wala ibuprofene siku za kwanza, maana zinaweza kuongeza kutoka kwa damu. Baada ya siku hizo mbili, aanze kazi ndogo, kisha masomo, na michezo iwe ya mwisho. Kurudi katika mieleka si kabla ya siku 21, na kati ya hizo awe amemaliza siku 14 bila dalili hata moja. Tena apimwe kwanza.

Juu ya viungo vingine, maneno machache tu. Kiungo kilichovimba leo kisichuliwe leo; kifunge na mti laini, umlete. Mfupa wa mkono unataka majuma 6 hivi kushikamana, wa mguu zaidi. Jeraha lililo wazi lioshwe kwa maji safi na sabuni, na mwenye jeraha aulize juu ya chanjo ya pepopunda, ile ambayo wewe mwenyewe uliipata ukiwa na mimba. Na damu ya mtu mmoja isiguse jeraha la mwingine. Tulijifunza hilo kwa machozi wakati wa Ebola, tangu 2018 mpaka 2020. Ukimwi na homa ya ini vinapita pia katika damu.

VIDONGE VYA KUFICHA

Nitawaambia kosa langu. Nilipokuwa muuguzi kijana, kijana mmoja alikuja na mguu umevimba karibu na kifundo. Alitaka kucheza siku ile ile. Nilimwonea huruma, nikampa vidonge, nikamfunga bande kwa nguvu. Alinishukuru sana. Akaenda kucheza. Jioni wakamrudisha wamembeba, mfupa umevunjika. Mpaka leo anachechemea. Tunakutana sokoni, ananisalimu vizuri, na kila mara ninatazama mguu wake.

Maumivu ni kama mtu anayepiga sufuria usiku kwa sababu mwizi ameingia katika kartie. Hatuendi kumziba kinywa ili tulale. Tunaamka, tunatafuta mwizi. Dawa ya maumivu ni nzuri kwa mtu anayelala kitandani apone. Kwa mtu anayekwenda kupigana, dawa ile ile ni kumziba kinywa mpiga sufuria.

Na zaidi, jihadhari na tramadol inayouzwa vibandani kwa bei ndogo. Inaondoa maumivu, inaondoa na woga, kisha inashika mtu asiweze kuiacha. Kijana anayeimeza kila siku ya Mungu ili apande, karibuni ataimeza siku ya kazi pia.

LAKINI TUTAKULA NINI?

Hili ndilo neno gumu. Ni rahisi kwangu, mwenye mshahara, kumwambia mtu apumzike. Mwenye njaa hapumziki kwa maneno.

Kwa hiyo wenye kuandaa maonyesho wana deni. Wanauza tiketi kwa sababu ya miili ya vijana. Basi mwili ukiumia katika kazi yao, ni haki walipe matibabu, tena wampe kitu cha kula mpaka apone. Mzazi anaweza kuuliza jambo hili kabla, wakati kijana anapopatana nao, si baada ya kuanguka: «Akiumia, itakuwaje?» Kama hawana jibu, hilo nalo ni jibu.

Na wapiganaji wenyewe wanaweza kusaidiana. Ninyi wamama mnajua likelemba kuliko mtu yeyote. Kila onyesho, kila mpiganaji aweke kidogo, na mtu wa kuaminika azitunze. Anayeumia ndiye anayepokea. Mtu akijua nyumba yake itakula, hatakuwa na sababu ya kuficha jeraha.

Na watazamaji je? Sisi tunaopiga kelele «aendelee! aendelee!» wakati mtu ameshika kichwa, tunamsukuma na mikono yetu. Mtu akisema hawezi, tumpigie makofi. Asirudi nyumbani na aibu.

NA WEWE, MAMA?

Nilipomweleza mama yule mambo haya, alinyamaza. Kisha nikaona amejishika kiuno. Nikamwuliza. Akasema alizaa kwa kupasuliwa, mtoto alikuwa na juma la sita, na tangu juma la pili alikuwa anabeba bidoni la lita 20 kutoka kisimani. Mahali pa mshono palikuwa panamvuta.

«Nani alikuambia ubebe?»

Akacheka kidogo. «Hakuna mutu. Mimi mwenyewe. Nilisema niko muzima.»

Wamama, mnaona? Neno lile lile la mwana wake. Sisi nasi tuko ulingoni. Tunatabasamu mbele ya jirani, tunabeba, tunalima, mgongo unalia. Na watoto wanatutazama. Kijana aliyemwona mama yake hapumziki hata na mshono wa tumbo, atajifunzia wapi kupumzika na kichwa kilichogongwa? Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, na hakuwa na jeraha.

Aliyepasuliwa wakati wa kuzaa asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake kwa majuma 6. Watoto wakubwa wachote maji. Baba naye anaweza kuchota. Mikono yake haitapungua. Jirani akikuletea bidoni moja leo, kesho utamlipa.

Sikumpa mama yule dawa aliyoiomba. Nilimwambia amlete kijana kesho yake, na alimleta, amekunja uso. Daktari alimpima, akamwandikia karatasi yenye muhuri ya kumkataza kupigana. Mama akaichukua mwenyewe, akaenda kwa mwenye onyesho pamoja na mjomba wa kijana. Siku ya Mungu kijana alikaa chini pamoja na watazamaji, na mwingine akapanda pa nafasi yake. Siku nyingi hakusema na mama yake. Mama aliniambia juma lililofuata: «Munganga, amenikasirikia. Lakini anakula, na kichwa inapunguka kuuma. Wacha akasirike.»

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Kwa nini mpiganaji wa mieleka aliyeumia hasadikiwi upesi?
2. Mwaka 1974 huko Kinshasa, pambano liliahirishwa kwa sababu gani? Tunajifunza nini?
3. Taja dalili tano za hatari baada ya kichwa kugongwa.
4. Kwa nini mtu anayeficha jeraha anamkosea pia mwenzake?
5. Katika nyumba yako, ni nani anayesema «niko muzima» wakati si mzima? Utamwambia nini leo jioni?